Barafu ya Kibo na Maji ya Mfongo

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu wanaorudi migombani, na ukishapita Same kuelekea Mwanga kuna mahali ambapo soga zote ndani ya basi hukatika. Mlima Kilimanjaro umejitokeza. Kama mawingu hayajapanda, Kibo, kilele chake kirefu, inaonekana nzima, na hapo hapo hukumu zinaanza. "Imeisha hii." "Mwaka juzi ilishuka mpaka pale." "Acheni uongo, hiyo ni mvua ya juzi tu." Kijana mmoja atafungua dirisha, atapiga picha, na kabla ya kufika Himo picha imeshaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na maneno chini yake: barafu imerudi, Mungu ni mwema.

Haijarudi. Alichopiga picha ni theluji ya vuli, ambayo jua la siku chache likiipata inaondoka na hakuna atakayetuma picha ya pili. Barafu yenyewe ni kitu kingine kabisa. Ni theluji ya miaka na miaka iliyolaliana, ikashindiliana mpaka ikawa ngumu, ya rangi ya buluu ukiitazama kwa ndani. Hiyo ndiyo inayokwisha, na kukwisha kwake hakujali picha zetu za Krismasi.

Wajerumani walipoichora ramani mwaka 1912, barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki 1.76. Vipimo vya setilaiti vya 2021 na 2022 vilionyesha imeshuka chini ya moja: 0.98. Ingekuwa imekusanywa mahali pamoja, mtu mwenye miguu mizuri angeizunguka kwa saa moja. Lakini haiko pamoja, imebaki mabaka mabaka. Hata ule uwanja mkubwa wa barafu wa kaskazini, uliokuwa kitu kimoja kwa vizazi vyote tunavyovijua, ulikatika vipande viwili mwaka 2012.

Mimi ni mtu wa Kibosho, upande wa kusini. Barafu tunayoiona kutoka kwetu ina majina ya kigeni: Heim, Kersten, Decken, Rebmann. Wazee walisema Kibo, basi, wala hawakuona haja ya kuigawa na kuipa kila sehemu jina la mtu. Nami hunijia kicheko kidogo nikifikiri kwamba mabaka haya yanatoweka moja moja yakiwa na majina ya waheshimiwa ambao wengi wao hawakuwahi hata kuyafikia.

Shuleni tulifundishwa habari hii kwa mnyororo mmoja. Watu wanakata miti. Miti ikikatwa, mlima unapata joto. Mlima ukipata joto, barafu inayeyuka. Barafu ikiisha, mito inakauka. Mito ikikauka, tumekwisha. Ulikuwa mnyororo mzuri wa mtihani, una alama zake tano, na hadi leo nausikia kwenye hotuba za siku ya kupanda miti, na kwenye taarifa za habari, hata kanisani. Tatizo lake ni kwamba viungo vyake vingi ni vya kweli kimoja kimoja ila vimeungwa ovyo. Barafu ya Kibo haifi kwa sababu ya msumeno wa huku chini. Na mfongo wa kwetu, yaani mfereji wetu wa maji, haukauki kwa sababu barafu imeisha. Hii ni misiba miwili, kila mmoja na marehemu wake, na sisi tumeifanya mmoja, ndiyo maana tunalia vizuri sana na hatuziki chochote.

Nianze na barafu.

Niliwahi kupanda hadi juu nikifuatana na binamu yangu ambaye ni mwongoza wageni. Ukishafika Stella Point, ukingoni mwa shimo la kileleni, pumzi imekwisha na kichwa kinagonga, unageuka, na upande wa kushoto njiani kuelekea kilele cha Uhuru unaona kuta za barafu zimesimama wima. Nilitegemea kitu chenye mteremko, kinachotiririka pembeni, kinachodondosha maji kama barafu inavyofanya ikitolewa kwenye friji. Sivyo. Ni ukuta. Mwingine ni mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, umekatwa wima kama kwa panga, una mistari myembamba ya vumbi ya enzi na enzi, na chini yake mchanga wa volkano ni mkavu. Nilipitisha mkono chini ya ukuta. Mkavu. Upande uliotazama jua kulikuwa na matone, ndiyo, na michirizi ya maji iliyokuwa imeganda usiku. Lakini maji ya kuufikia hata mto mmoja hayakuwepo, na wagumu waliotubebea mizigo hawakushangaa hata kidogo. Mmoja alinicheka. "Kaka, maji ya kupikia tunapanda nayo mgongoni. Ingekuwa hapa yanatiririka, ungedhani tunafanya mazoezi?" Na kambi ya mwisho kabla ya kilele inaitwa Barafu, haina chanzo cha maji.

Sasa barafu hiyo inakwenda wapi? Kwa sehemu kubwa inakwenda hewani. Kule juu kwenye uwanja wa kaskazini wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa kwa kawaida haina joto la kuiyeyusha. Ila ni kavu mno, na jua la ikweta kwenye mita 5,700 halina mzaha. Katika ukavu ule barafu haigeuki maji kwanza, inaruka hatua hiyo na kuwa mvuke moja kwa moja. Wanasayansi wanaofuatilia jambo hili kwa karibu, kina Georg Kaser na Thomas Mölg kutoka Innsbruck, na Douglas Hardy wa Massachusetts aliyeweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu hiyo mwaka 2000, wamepima na kueleza: kuigeuza barafu kuwa mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara nane ya kuiyeyusha kuwa maji. Yaani ukavu huo unaoila barafu ndio huo huo unaoifanya iliwe polepole. Kuta zile za wima zinaliwa kwa ubavu, kama nusu mita hadi mita moja kwa mwaka, upande wa kaskazini jua likiwa kaskazini katikati ya mwaka, upande wa kusini ikifika Desemba.

Na kwa juu? Kwa juu barafu ilikuwa ikilindwa na theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe, inairudisha miale ya jua ilikotoka. Isipoanguka, inabaki barafu kuukuu yenye vumbi, na kitu chenye vumbi kinanyonya jua. Kwa hiyo adui wa kwanza wa Kibo ni theluji ambayo haikuanguka. Moto wa volkano haumo kwenye hesabu hii kwa kiasi cha kutajwa. Ule moshi wa kiberiti kwenye shimo la katikati upo, lakini uwanja wa barafu wa kaskazini unaoliwa vile vile haukai juu ya shimo hilo.

Hapa ndipo historia inapoingia, nami naipenda sehemu hii kuliko zote. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wa safari yake, Bwana Kheri, mtu wa pwani, alimwambia kile cheupe ni baridi. Rebmann akaandika Ulaya, na London akatokea bingwa wa jiografia, William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akasema haiwezekani, theluji kwenye ikweta ni ndoto. Walibishana miaka. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni wakichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Meyer aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imerudi nyuma kwa kiasi kilichomshangaza.

Hebu tazama mwaka huo tena: 1898. Kulikuwa na magari mangapi duniani? Viwanda vilikuwepo Ulaya, ndiyo, lakini joto la dunia lilikuwa halijapanda kwa kiasi cha kulaumiwa. Kilichotokea ni kwamba karibu na mwaka 1880 Afrika Mashariki ilitoka kwenye kipindi cha mvua nyingi ikaingia kwenye ukavu. Ziwa Victoria nalo lilikuwa limejaa sana mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka kwa haraka. Upepo na joto la Bahari ya Hindi ndivyo vinavyotuletea au kutunyima mvua, na vilikuwa vimegeuka. Barafu tunayoiona leo ni mabaki ya hali ya hewa iliyokwisha kabla ya babu wa babu yangu kufunga ndoa.

Najua aya hiyo inavyoweza kutumika. Kuna watu wanaipenda sana, hasa wale wasiotaka kusikia habari ya makaa ya mawe na mafuta. "Mnaona? Hata Kilimanjaro siyo sisi!" Siwapi zawadi hiyo. Kwanza, ukavu ulioanza wenyewe karne ya 19 umepita karne nzima bila kuachia, na bahari inayoamua mvua yetu sasa inapashwa joto na gesi zinazotoka kwenye mabomba ya watu. Pili, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyetoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kutoa nguzo sita za barafu, aliona kwenye tabaka la juu kabisa alama za maji yaliyoyeyuka na kuganda tena, alama ambazo hakuziona kule chini kwenye tabaka za kale. Yeye anasema kongwe kati ya barafu hiyo ina miaka karibu 11,700, na kwamba iliwahi kustahimili ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Kaser na wenzake wana mashaka na umri huo. Wanaona barafu ya Kibo huenda imekuja na kuondoka zaidi ya mara moja. Ugomvi huo wa kitaalamu haujaisha. Lakini hakuna upande hata mmoja unaosema barafu itabaki.

Mwaka 2002 Thompson alikadiria itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, barafu ipo, na kuna watu huku Moshi walioshangilia kana kwamba timu yao imeshinda. Makadirio ya baadaye yanasema miaka ya 2040, mengine karibu na 2060. UNESCO ilipotoa orodha yake mwaka 2022 ya barafu za urithi wa dunia zitakazotoweka kabla ya 2050 kwa vyovyote vile, Kilimanjaro ilikuwemo. Tofauti ya miaka 10 au 20 kwangu mimi ni ya kubishania kwenye basi tu.

Kinachoniuma kidogo ni zile nguzo sita. Zilishushwa mlimani, zikasafirishwa zikiwa zimeganda hadi Columbus, Ohio, ambako zinahifadhiwa kwenye ghala la baridi. Siku barafu ya mwisho ya Kibo ikiondoka, Kibo iliyobaki itakuwa Marekani, kwenye rafu, inalindwa na umeme. Mtoto wa Kibosho atakayetaka kuiona ataomba viza.

Basi, ya barafu ni hayo. Sasa maji.

Kwetu maji ni mfongo. Asiyejua mlima, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono kutoka kwenye mto au chemchemi kule juu msituni, ukazungushwa ubavuni mwa mlima, ukavuka mabonde, mpaka unafika kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba ya kurithiana. Mingine ina umri wa karne. Una ukoo wake uliouchimba, una mzee wake, una zamu zake, na zamu ya mfongo ni jambo la kuvunja undugu. Nimeona watu wazima waliozikana na kuozana wakishikana mashati saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mmoja amefungua jiwe la mgawo kabla ya wakati na kuelekeza maji kwenye migomba yake. Mzee wa mfongo alifika na panga mkononi, akapiga magoti, akalirudisha jiwe lile taratibu, akakandika tope na majani ya mgomba pembeni mpaka maji yakagawanyika sawasawa, kisha akasema, bila kuwatazama, "Zamani hili jiwe lilikuwa linazama. Sasa linaonekana lote, ndiyo maana mnaliona la kugombania."

Nilimuuliza baadaye, shikamoo baba, unadhani maji yamepungua kwa nini? Alinyanyua kidevu kuelekea Kibo. Wote tunanyanyua kidevu kuelekea Kibo. Ndiyo inayoonekana.

Lakini mvua ya mlima huu haiko Kibo. Kileleni hunyesha chini ya milimita 200 kwa mwaka, ukame wa jangwani. Ukanda wa msitu wa kusini, kwenye mita 2,000 na kidogo, hupata hadi milimita 3,000. Chemchemi na mito yetu, Karanga, Weruweru, Kikafu, inazaliwa katika msitu huo: mvua inadondokea kwenye matandiko ya majani, inazama, inapita kwenye miamba ya volkano yenye vitundu, inatokea chini. Maji ya barafu yamo pia, ila ni kidogo mno kuyashikia kesi. Na hata hayo kidogo, tumeshaona sehemu kubwa ya barafu haigeuki maji.

Juu ya msitu wa mvua kuna msitu wa ukungu. Aliyepanda kwa njia ya Machame au Umbwe ameupita: miti mifupi iliyopinda, imevaa ndevu za kijani zinazoning'inia, kila kitu kinadondosha maji ilhali mvua hainyeshi. Ukungu unapita, majani na ndevu zinaukamata, unakuwa matone, unashuka ardhini. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bayreuth aliyefanya kazi huku miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyokaa nyumbani, aliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto umekula kilomita za mraba kama 150 za msitu wa juu, ukausukuma mpaka wa miti kushuka chini. Na hesabu yake ndiyo iliyonigeuza macho: maji ya ukungu yaliyopotea kwa miti hiyo kuungua ni mara nyingi zaidi ya maji yote ambayo barafu ya mlima inatoa kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba kilichotuibia maji kimetuibia kwenye mita 3,000, sisi tukiwa tumetazama mita 5,895.

Moto unatoka wapi? Warina asali wanaofukiza mizinga, majangili, mpishi asiyezima vizuri, halafu kiangazi kirefu ambacho siku hizi kimezidi urefu na kuacha majani yamekauka kama yanasubiri kiberiti. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo. Usiku tuliona mstari mwekundu mlimani kutoka barazani. Watu walipanda kwenda kuuzima kwa matawi na mapanga, wanafunzi, wanakijiji, wagumu, na ulipoisha ulikuwa umepita kwenye kilomita za mraba zaidi ya 95. Oktoba 2022 ukaja mwingine upande wa Karanga. Nikilinganisha makelele ya kimataifa yanayopigwa ukuta mmoja wa barafu ukianguka na makelele yaliyopigwa kwa zile kilomita 95, nashindwa kuelewa.

Hapa mnyororo wa shuleni nao una cha kujibu. Mölg na wenzake walichunguza mwaka 2012 kama kuondoka kwa misitu ya chini kunaiua barafu ya juu, wakakuta mchango wake ni mdogo. Kwa hiyo ukimwambia mwanakijiji asikate mti ili barafu isiyeyuke, unamwambia jambo ambalo si kweli, na siku akijua si kweli atachukua shoka. Mwambie asikate kwa sababu mfongo wake unazaliwa pale. Hiyo anaielewa kabla hujamaliza sentensi.

Sisemi wanakijiji ndio wabaya. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu ambao hadi leo tunauita Nusu Maili, ili Wachaga wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao bila kuingia msitu mkubwa. Mama zetu wamebeba majani kutoka Nusu Maili maisha yao yote. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliunganishwa na hifadhi ya taifa, mipaka ikakaza, na tangu hapo kuingia kukata majani imekuwa bahati nasibu: leo mlinzi anakuachia, kesho unakimbia na mzigo kichwani. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama laki sita na nusu kwenye sensa ya 1967. Sensa ya 2022 imehesabu milioni 1.86. Kihamba kile kile kimegawanywa kwa watoto, kisha wajukuu, hadi mtu anarithi migomba minne na kaburi. Watu wote hao wanafungua bomba, na wengi bado wanategemea mfongo. Ukichukua watu mara tatu na msitu uliopungua, huhitaji barafu kueleza kwa nini jiwe la mgawo limetoka nje ya maji.

Si kila mlima uko hivi, na hili nalisema kwa haraka kwa sababu watu hupenda kuchukua mfano mmoja na kuufunika dunia nzima. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kuna unyevu mwingi, na kule joto lenyewe ndilo linaloyeyusha. Zimebaki kilomita za mraba 0.38, na Wakonzo wanaoamini mungu wao Kitasamba anakaa kwenye theluji ile wanaona makao yake yanabomolewa. Mlima Kenya umebaki na 0.07 hivi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema huenda ukawa mtupu katika miaka ya 2030. Kule Peru, kwenye bonde la mto Santa, barafu ya Cordillera Blanca kweli hulisha mto wakati wa kiangazi, na ikiisha mkulima ataijua siku hiyo hiyo. Mlolongo ule tuliofundishwa ungefaa kufundishwa Peru.

Lakini nisidanganye kwamba barafu inayoyeyuka haituhusu. Inatuhusu sana, ila si ya kwetu.

Maji ya Kilimanjaro yanashuka Kikuletwa na Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yanatoka kama Mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, yanamwagilia kila shamba lenye uwezo wa kuyafikia, na kilichobaki kinafika mji wa Pangani na kuingia Bahari ya Hindi. Nilikwenda huko mara ya kwanza kwa harusi ya rafiki, nikashangaa kukutana na mto wetu ukiwa mzee na mpana hivyo, una kivuko na samaki wa maji chumvi. Na pale mdomoni ndipo barafu mbili zinapokutana kwa hesabu.

Hesabu ya kwanza. Tuchukue barafu yote iliyobaki Kibo, tuijalie unene wa mita 50 kila mahali, ambao ni wa sehemu nene tu. Tunapata tani kama milioni 45. Kuinua bahari zote za dunia kwa milimita moja kunahitaji tani bilioni 360. Kibo nzima, ikimwagwa baharini leo usiku, ingeinua bahari kwa sehemu moja ya elfu nane ya milimita. Hakuna mvuvi atakayejua.

Hesabu ya pili. Barafu za milima ya dunia nzima, kuanzia Alaska hadi Himalaya, zilipoteza tani kama bilioni 267 kila mwaka kati ya 2000 na 2019. Hiyo ni karibu moja ya tano ya kupanda kwote kwa bahari katika miaka hiyo. Ongeza Greenland, ongeza Antaktika, ongeza bahari yenyewe inayotanuka kwa kupata joto. Bahari imepanda karibu sentimita 10 tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1993, na muongo huu mwendo wake umepita milimita 4 kwa mwaka. Hiyo siyo ya ukavu wa 1880. Hiyo ni ya gesijoto, na bara letu zima linachangia chini ya asilimia 4 ya gesi hizo.

Kwa hiyo pale Pangani bahari inasukuma kwa nguvu iliyotoka Greenland, na mto unasukuma kwa unyonge uliotokana na mashamba, mitambo na msitu ulioungua huku kwetu. Maji ya chumvi yanapanda mtoni kwenda juu kuliko zamani. Watu wa huko watakuonyesha pia kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti na kasa wakitaga mayai, ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hufunikwa bahari ikijaa. Wengi watakwambia ni bahari kupanda. Wengine husema miti ilikatwa kwanza, mchanga ukakosa mshiko. Maziwe siitumii kama ushahidi, kwa sababu mambo mawili yakifanyika kwa pamoja ni rahisi kumbebesha yule wa mbali lawama zote, kama tunavyombebesha wa karibu huku mlimani.

Mzee mmoja aliyenikaribisha madafu kando ya mto alinionyesha minazi yake ya chini, iliyosimama bila vichwa. Nikamwambia natoka Kilimanjaro. Akanitazama kama mtu aliyempata mdaiwa wake.

"Kumbe ni nyie mnaofunga maji."

Nikamweleza habari ya Greenland. Akasikiliza vizuri, maana watu wa pwani wanajua kusikiliza, akanikatia dafu la pili, akasema, "Sawa mwanangu. Huyo wa Greenland simjui na sina nauli. Wewe uko hapa. Mfungue kwanza hayo yenu."

Nikamweleza na habari ya mifongo, na msitu wa ukungu, na moto wa Whona. Hiyo aliiuliza maswali mengi kuliko ya barafu: mti gani unaokamata maji hewani, unachukua miaka mingapi kukua, nani anayelinda, na kama watu wa Pangani wanaweza kutuma mtu kwenye kikao cha wanaotumia maji ya huko juu. Nilimwambia bonde zima lina ofisi moja ya maji, iko Moshi, na vyama vya watumia maji vinatakiwa viwe na wawakilishi. Akaniomba namba ya simu ya mtu wa huko. Nilikuwa sina. Nimeitafuta baadaye nikampelekea, na mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa amepiga, amepokelewa, ameambiwa aandike barua kupitia kijiji chake. Barua imeandikwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa safarini, mhuri ulikuwa naye.